Mkebe wa Blue Band wa mjomba

Najua nimepotea, na baadhi yenu mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kazi za gazeti zimenibana, na msimu wa korosho ukianza hapa Mtwara mwandishi anashinda bandarini na kulala kwenye minada. Ila leo sitaandika habari za korosho wala meli. Nataka kuwaeleza habari ya mkebe wa Blue Band, kisha niseme langu, nanyi mseme lenu.

Wiki chache zilizopita nilikwenda kumsalimia mjomba wangu, kaka yake mama, anayeishi kwenye kijiji kimoja kando ya mto Ruvuma. Jina la kijiji naliweka kapuni, mtaelewa kwa nini. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kuchezea. Akikuita unakwenda, akisema unasikiliza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Za mjini?"

(Ndiyo, na yeye ananiita mjomba. Ndivyo tunavyoitana.) Tukala ugali wa muhogo na kisamvu, tukaongea habari za bei ya korosho, tukalaani bei ya korosho, halafu akaingia ndani. Akarudi na mkebe mkubwa wa Blue Band, akautua juu ya jamvi taratibu kama mtu anayetua kikapu cha mayai. Nikadhani ni mbegu za ufuta. Akafungua kifuniko. Zilikuwa risasi.

Vijana waliokuwa wakichimba udongo wa matofali walikuta sanduku la mbao lililooza, na ndani yake risasi. Nyingine zimeota kutu mpaka hazitambuliki, nyingine ukizifuta kwa kidole zinang'aa. Wazee wa pale wanasema ni za wapigania uhuru wa Msumbiji. Inawezekana kabisa. Frelimo walianza vita Septemba 25, 1964, na kwa karibu miaka kumi ukanda huu wote ulikuwa njia yao. Kambi yao kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, hospitali yao ilikuwa hapa hapa Mtwara, na mto walikuwa wakiuvuka usiku. Watu waliokuwa wakijifunza vita porini kwa miaka yote hiyo hawawezi kuwa wameondoka na kila kitu.

Sasa sikilizeni mpango wa mjomba. Nguruwe pori wanammalizia mihogo na ngedere wanamsumbua kwenye mikorosho. Ana gobore aliloachiwa na babu, lakini baruti ya gobore imekuwa ghali na ya kutafutwa kwa siri. Kwa hiyo hizi risasi zifunguliwe, baruti yake iingie kwenye gobore, na maganda yauzwe kwa mnunuzi wa skrepa anayepita na baiskeli. Hakuna kinachotupwa.

"Wewe umesoma chuo kikuu," akaniambia. "Kaniangalizie kwenye hiyo kompyuta yako zinafunguliwaje vizuri. Na usiogope, hizi za mazoezi tu, hazina nguvu."

Nikamwambia nitaangalia. Nilimdanganya mjomba wangu, lakini niliporudi mjini nikaangalia kweli.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mjomba si kichaa. Marekani kuna watu wengi tu, wenye vyumba vyao vya kazi, ambao mchezo wao wa Jumamosi ni huo huo: wananunua maganda yaliyotumika, mengine yametoka kwenye viwanja vya shabaha vya jeshi, wanayasafisha na kuyajaza upya. Wana mizani ya kupima baruti kwa sehemu ndogo kuliko punje ya mchele, na vitabu vinene vya vipimo. Na pamoja na vyote hivyo wana kanuni moja wanayoirudia kama sala: baruti usiyoijua imetoka wapi usiitumie. Wenye mizani na vitabu wanaiogopa baruti ya kwenye sanduku lililooza, halafu mjomba mwenye kijiko cha chai haiogopi.

Jambo la pili lilinichekesha. Kuna aina mbili kubwa za ganda la risasi, zinatofautiana pale kwenye kitako inapokaa fataki. Moja iligunduliwa na Mwingereza Edward Boxer, nyingine na Mmarekani Hiram Berdan, wote katika miaka ile ile ya 1860. Mambo yakageuka: Wamarekani wakachukua ya Mwingereza, ambayo inajazika upya kwa urahisi, na Urusi na China wakachukua ya Mmarekani, ambayo ni kero tupu kuijaza. Silaha za ukombozi zilitoka wapi? Urusi na China. Na maganda yao mengi ni ya chuma yaliyopakwa shaba kwa juu kama mkufu wa Kariakoo. Yaani hata huyo wa skrepa mwenye akili akiweka sumaku pale, mjomba atalipwa bei ya chuma. Utajiri wote wa mkebe ule labda usingefika bei ya kilo mbili za sukari.

La tatu halichekeshi. Baruti ya kisasa haizeeki kama chuma kinavyozeeka, kwa kudhoofika tu. Inaoza kikemia. Viwandani huchanganywa na dawa ya kuituliza, na dawa hiyo inaliwa kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Joto na unyevu vinaharakisha, na sisi huku pwani tuna vyote viwili kwa jumla na rejareja. Dawa ikiisha, baruti inatoa hewa yenye asidi, asidi inaozesha baruti zaidi, na ikiwa imerundikana nyingi inaweza kupata joto yenyewe mpaka ikashika moto bila mtu kuigusa. Halafu mtu aichukue hiyo, isiyojulikana hali yake, aitie ndani ya bomba la gobore lililotengenezwa na fundi wa kijijini kwa ajili ya baruti nyeusi ya pole pole! Bomba likizidiwa, linapasukia upande wa anayelenga. Linakwenda na jicho, linakwenda na vidole. Nguruwe anaondoka salama.

Na hilo neno "za mazoezi" ndilo lililonitia hofu kuliko yote, kwa sababu nimelisikia sehemu nyingi, hata kwa watu waliosoma. Watu wanadhani risasi ya mazoezi ni kama bunduki ya plastiki ya sikukuu. Jamani, askari anayejifunza shabaha anatumia risasi ile ile inayoua, mara nyingi zile za zamani zinazotakiwa kumalizwa ghalani. Hata risasi baridi, ile isiyo na kichwa, si baridi kihivyo. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alijiwekea bastola kichwani kwa utani, ndani ikiwa na risasi baridi, akafyatua. Jeraha lile lilimuua. Na Oktoba 2021, kule New Mexico kwenye utengenezaji wa filamu ya Rust, risasi ya moto iliingia kati ya risasi bandia bila wahusika kujua, akafa mpiga picha Halyna Hutchins. Pale palikuwa na mtu aliyeajiriwa kutunza silaha. Nani ataajiriwa kuutunza mkebe wa Blue Band?

Wadau, mnaikumbuka Ngara? Novemba 2017, Shule ya Msingi Kihinga, mkoani Kagera. Mtoto aliokota kipande cha chuma, akaona ni skrepa, akaenda nacho shule ili baadaye akauze. Lilikuwa bomu la kutupwa kwa mkono. Wanafunzi watano walikufa, zaidi ya arobaini wakajeruhiwa. Nilikuwa bado mwanafunzi niliposoma habari ile, na nakumbuka mijadala yake: wengine wakailaumu mipaka, wengine wakailaumu Burundi. Mimi nilibaki na kitu kimoja tu, kwamba yule mtoto alikuwa anakwenda kuuza. Kuna mtu mahali fulani alikuwa amewaambia watoto kwamba chuma ni pesa, akawapa kamba ya kufungia mzigo, na hakuwaambia chuma kipi si pesa.

Hapa ndipo nataka kusema langu.

Sisi watu wa mjini tukisikia kisa cha mjomba, jibu letu liko mdomoni tayari: elimu. Wapewe elimu! Semina, fulana, posho. Lakini mjomba haitaji semina ajue risasi ni hatari, ana umri wa kuiona vita ile kwa macho yake. Anachokosa ni mtu wa kumpelekea mkebe bila yeye mwenyewe kugeuka kesi. Nilimuuliza, "Mjomba, kwa nini usimwambie mtendaji?" Akanitazama kama vile ndiye mimi mtoto. "Nimwambie nimekutwa na risasi?" Angalieni hiyo lugha. Hakusema amezikuta. Alisema amekutwa nazo.

Na hofu yake ina msingi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haicheki na mtu mwenye risasi bila kibali, na makosa ya namna hii yanaweza kuangukia kwenye uhujumu uchumi, ambako dhamana ni safari ndefu. Ongezeni na mahali tulipo. Kule ng'ambo ya mto, Cabo Delgado, kuna vita tangu Oktoba 2017. Oktoba 2020 wauaji wakavuka wakashambulia Kitaya, huku kwetu. Tangu hapo mtu wa kando ya Ruvuma akionekana na risasi, swali la kwanza si "umeiokota wapi?" bali "unampelekea nani?" Siwalaumu askari kwa kuuliza, na mimi ningeuliza. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye akili timamu anaficha, na kilichofichwa kinafunguliwa usiku, kwa nyundo na koleo, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili.

Mwaka 2022 serikali ilitoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, wanaomiliki silaha kinyume cha sheria wazisalimishe bila kushitakiwa. Lilikuwa jambo jema na silaha zilirudishwa. Ila msamaha wa miezi miwili unamfaa mwenye bunduki uvunguni, ambaye anajua anayo. Anayechimba udongo wa matofali hachagui mwezi wa kukutana na sanduku. Kwa nini msamaha kwa kilichookotwa usiwe wa kudumu, mwaka mzima, na uandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji mkoa huu? Umekuta, hujagusa, umetoa taarifa, huna kesi. Maneno machache tu.

Na wanunuzi wa skrepa nao waingizwe. Wao ndio wanaofika kila kitongoji kabla ya gari lolote la serikali. Mnunuzi akijua kwamba kupokea ganda la risasi au kitu chochote chenye sura ya bomu ni kupoteza mzani na leseni, na kwamba kutoa taarifa ni kupata bahasha kidogo, mtaona watoto wanavyofundishwa upesi. Najua wapo watakaosema nataka watu walipwe kwa kuokota mabomu, watakwenda kuyatafuta. Ndiyo maana nasema alipwe mtoa taarifa, asilipwe mleta mzigo. Tofauti hiyo ni kubwa.

Msidhani nawaonea watu wa vijijini. Kusini hapa kuokoteza mabaki ya vita ni historia yetu, na walioanza ni wakubwa. Bandari hii ninayoandika habari zake kila wiki ni mtoto wa mpango wa karanga wa Waingereza baada ya Vita vya Pili. Walifyeka mapori kwa mabaki ya jeshi, yakiwemo matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Yaani kifaru kililima karanga! Mwaka 1951 wakakiri wameshindwa. Bandari ikakamilika karanga zenyewe hazipo, reli ya kwenda Nachingwea ikatumika miaka michache halafu ikang'olewa. Mjomba alikulia katika nchi ambayo chuma cha mzungu kinakuja, kinaachwa, na mwenyeji anatafuta cha kukifanyia. Majembe mangapi ya kusini yalikuwa kitu kingine kwanza?

Na tusijidanganye kwamba vikikaa kwa wataalamu basi yamekwisha. Mbagala, Aprili 29, 2009. Gongo la Mboto, Februari 16, 2011. Maghala ya jeshi, katikati ya makazi ya watu, na kila mara waliokufa walizidi ishirini. Mliokuwa Dar usiku ule wa Gongo la Mboto mnakumbuka Uwanja wa Uhuru ulivyojaa watu wanaotafuta watoto wao. Jirani zetu Maputo walipata la kwao Malhazine, Machi 2007, silaha chakavu katika siku za joto kali, zaidi ya watu mia moja wakafa. Brazzaville, Machi 2012, walikufa karibu mia tatu. Kwa hiyo ninaposema apelekewe mtaalamu, namaanisha mtaalamu wa kuharibu, upesi, mbali na watu. Kuhamisha mkebe kutoka uvungu wa mjomba kwenda kwenye kabati la kituo si kuumaliza.

Uwezo tunao. Hii ndiyo nchi inayofundisha panya buku pale Morogoro kunusa mabomu ya kutegwa. Wamefanya kazi hiyo Msumbiji mpaka nchi ile ikatangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa. Ng'ambo ya mto wamesafisha kwa msaada wa panya wetu, huku sisi mjomba anachimba kwa jembe na kubahatisha.

Kuna wadau wataniuliza, mbona hujagusa baruti za baharini? Ni kweli zinahusiana. Toka Msimbati mpaka Mikindani, mtu mzima yeyote anaujua ule mlio unaoanzia chini ya maji, na sisi wote tumewahi kula, tukijua au bila kujua, samaki aliyevunjika uti wa mgongo. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na vita na baruti imekuwa ya kupanda na kushuka. Nimewahi kumhoji mvuvi mmoja aliyepoteza kiganja. Aliniambia utambi ulikuwa mfupi kuliko alivyozoea, basi. Akaendelea kushona wavu kwa mkono mmoja na meno. Hiyo nitaiandikia siku yake.

Turudi kwa mjomba. Jumamosi iliyofuata nilirudi kijijini na maelezo yangu yote kichwani, Boxer na Berdan na kemia. Sikuyatumia. Nilipofika nilimkuta mtoto wa binti yake, miaka kumi hivi, anapuliza filimbi. Inalia vizuri sana. Nikamwambia hebu nione. Lilikuwa ganda la risasi, tupu, limekatwa kwa koleo.

Kumbe fundi wa magobore alikuwa ameshapita, akafungua tatu za majaribio. Baruti yake ilikuwa kwenye kikombe cha plastiki juu ya kichanja cha jikoni, hatua mbili kutoka kwenye mafiga.

Sikumbuki kama niliwahi kumpandishia mjomba sauti kabla ya siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwita mkewe, akamwambia moto uzimwe na watoto wahamie kwa jirani. Tukaenda wote kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti, Mungu ambariki, hakuuliza maswali mengi. Akapiga simu. Wakasema msiulete mkebe, msiuguse, wekeni mtu alinde, tunakuja.

Walikuja siku ya nne. Siku zote hizo mjomba alilala nje chini ya mkorosho na chandarua chake, akilinda nyumba yake isiingiwe na mtu. Hawakumkamata. Waliandika maelezo yake, waliandika na yangu, wakauliza mara tatu kama hakuna nyingine. Mkebe wakaondoka nao kwenye gari, na kile kikombe wakaenda kukimwagia mbali. Filimbi nayo ilichukuliwa. Mtoto alilia, na yule askari kijana akampa mia tano.

Juzi mjomba amenipigia. Nguruwe wamerudi, wamepita na karibu nusu eka ya mihogo kwa usiku mmoja. Alikwenda kuuliza habari za bwana nyama, akaambiwa gari ni bovu. Akaniuliza, "Sasa wewe mjomba uliyesoma, unasemaje?"

Nimemtumia hela ya kununua senyenge kidogo. Haitoshi kuzungushia hata robo ya shamba.